Nguzo Katika Shamba la Mokdad

Karani wa ofisi ya umeme hakuinua macho. Alilivuta faili chini ya kioo, akageuza karatasi moja, akageuza ya pili, kisha akalisukuma lirudi lilikotoka.

"Bado," alisema.

"Bado nini, binti yangu?" Mongia aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Mumewe, Lazhar, alisimama nyuma yake ameshika kofia yake ya sufu mkononi, maana ndani ya ofisi kulikuwa na joto la mashine ya kupasha chumba na nje kulikuwa na baridi ya mwanzo wa kipupwe. "Juzi ulituambia bado cheti cha manispaa. Cheti hicho hapo. Kabla ya hapo ulituambia bado malipo. Tumelipa, na risiti hiyo hapo."

"Mmelipa, sikatai. Nguzo je?"

"Nguzo si mnaleta nyinyi?"

"Tunaleta. Tunaisimika wapi?" Sasa karani aliinua macho. Alikuwa msichana mdogo, mafua yamemkaba, na leso ameikunja ndani ya mkono wa sweta. "Fundi wetu alikuja kupima. Nguzo ya mwisho ya kijiji iko kwa mtu anaitwa Mokdad. Kutoka pale mpaka kwenu ni mbali, waya hautafika bila nguzo nyingine katikati. Na hapo katikati ni shambani kwake. Nileteeni idhini yake, isainiwe mbele ya manispaa."

"Kwa nini hukusema hivyo kabla hatujalipa?"

"Kabla hamjalipa fundi hawezi kuja kupima, mama. Na kabla hajapima mimi nitajuaje?"

Mongia aliikunja risiti yake. "Mokdad ni shemeji yangu," alisema. "Ndugu wa baba mmoja mama mmoja na mume wangu."

"Basi kazi imekwisha!" Karani alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waanze kuonana. "Mtu na ndugu yake, tatizo liko wapi? Anayefuata!"

Mongia aligeuka ili amwambie mumewe neno. Lazhar hakuwepo. Watu wa foleni walimtazama yeye, mwanamke aliyekuwa akiongea na nafasi tupu nyuma yake, na mzee mmoja akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Alimkuta nje, ameegemea ukuta wa duka la mikate.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Twende nyumbani."

"Umeniacha mle ndani kama chizi, Lazhar."

"Ningebaki ningekivunja kile kioo." Alivaa kofia yake. "Mokdad! Wamekosa dunia nzima pa kusimika mti wao, wamempata Mokdad."

*

Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha. Hilo ndilo lililowauma zaidi. Ilisimama juu ya mteremko, vyumba vitatu na jiko, imepakwa chokaa nyeupe na milango ya buluu, na nyaya zilikwishapitishwa ndani ya kuta. Nawfel, fundi umeme wa kijijini, alikuwa ameweka swichi na soketi zote, na Mongia akizifuta vumbi kila Ijumaa ingawa hazikuwa zimewahi kupitisha cheche hata moja. Friji mpya ilikuwa jikoni, bado na nailoni yake mlangoni. Ndani yake aliweka kuskusi na mikate, kwa sababu panya hawangeweza kuifungua. Simu alizichaji dukani kwa muuza duka, naye hakudai malipo ya kuchaji, ila alimtazama kila mara mpaka anunue kitu asichokihitaji. Walikuwa na makopo ya nyanya ya kuwatosha mwaka mzima.

Chumba bora kuliko vyote, kile chenye dirisha la kutazama bonde, hakikuwa chao. Kilikuwa cha mama yake Lazhar, Bibi Hnia. Lazhar alikijenga kwa ajili yake, na kwa ajili yake aliuza ndama ili alipe ofisi ya umeme. Maisha yake yote Bibi Hnia alikuwa ameinamia tanuri la mkate, na moshi wa tanuri ulikuwa umemmaliza mapafu. Sasa aliishi mjini kwa binti yake, Rebah, ghorofa ya tatu, na mrija puani, na mrija huo ulitoka kwenye mashine ya oksijeni ambayo haikuweza kufanya kazi bila umeme. Alikuwa na mtungi mdogo wa safari, lakini huo ulikuwa wa saa chache tu, wa kwenda kwa daktari na kurudi. Kila alipoongea na Lazhar kwenye simu aliuliza neno lile lile: lini?

"Weka sola," Nawfel alisema jioni ile, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mchana itaendesha hata friji."

"Na usiku?"

"Usiku unataka betri. Betri za kubeba mashine kama ile mpaka alfajiri..." Nawfel alitaja bei. Lazhar alicheka vibaya.

"Kwa pesa hiyo nitajenga nyumba nyingine."

"Au wapitishe waya upande wa korongo. Ile ni njia ya serikali, huombi idhini ya mtu. Ila ni nguzo tano badala ya moja, na tano zote unalipia wewe." Nawfel alisita. "Kwa nini usiende tu kwa ndugu yako, ami Lazhar? Ni nguzo moja. Hata mbuzi hatajua kama ipo."

Lazhar alinyanyuka akatoka nje. Nawfel alimtazama Mongia, Mongia akatazama chini.

Kijiji kizima kilijua. Baba yao alipofariki, ndugu wawili waligawana shamba, na mizeituni mitatu ikabaki mpakani. Mokdad aliivuna. Lazhar alimpeleka mahakamani, akashinda, na tangu siku hiyo hawakusalimiana hata siku ya Idi. Nyumba zao zilitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake ameamka saa ngapi kwa kuona mlango wake ukifunguliwa.

*

Mongia alikwenda bila kumwambia mumewe. Alichukua chupa ya mafuta ya zeituni ya kwao, akaitazama, akairudisha. Kumpelekea Mokdad mafuta ya mizeituni ile ingekuwa kumtia kidole jichoni. Alichukua mayai.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Chini ya miti ya Mokdad kulikuwa kumetandikwa nyavu, na wanawake wa kibarua walikuwa juu ya ngazi wakikwanyua zeituni huku wanaimba. Dhahbia, mke wa Mokdad, alikuwa amekaa juu ya gunia akichambua majani. Alimwona Mongia toka mbali na hakusimama.

"Leo jua limechomoza wapi?" alisema. "Karibu, Mongia. Umepotea njia?"

"Sijapotea, Dhahbia. Habari za watoto?"

"Wazima. Na nyumba mpya? Tunaiona. Nzuri. Inameremeta mchana." Alitupa jani pembeni. "Usiku ndiyo hatuioni."

Wanawake wawili juu ya ngazi walicheka. Mongia alicheka pia, maana hakuwa na la kufanya.

"Nimemjia Mokdad. Nina neno dogo naye."

"Mokdad amepeleka mzigo kinuni kukamuliwa. Atarudi. Mngoje." Dhahbia alimsogezea ndoo kwa mguu. "Mikono yako ina kazi?"

Basi Mongia alikaa akachambua zeituni. Alichambua mpaka adhuhuri, vidole vikawa vyeusi na kucha zikamuuma. Wanawake wa kibarua walipokula walimkatia mkate na harisa, pilipili yao ya kusaga, akala pamoja nao, na mmoja wao, mgeni kutoka kijiji cha ng'ambo, akamuuliza Mongia mama yule anamlipa ngapi kwa siku. Dhahbia alisikia. Hakusema kwamba huyu si kibarua. Mongia naye hakusema.

Mokdad alirudi alasiri, juu ya trekta, amejaa vumbi la njiani. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko Lazhar lakini mnene zaidi, na sauti yake ilikuwa ile ile. Ukifumba macho usingewatofautisha.

"Shemeji!" alisema, na uso wake ulifunguka kweli. Kisha akakumbuka, ukafunga. "Kuna nini? Mama?"

"Mama hajambo. Yaani, yuko vile vile." Mongia alikuwa ameyapanga maneno yake asubuhi nzima, na sasa yote yalitoka kwa mkupuo. "Ofisi ya umeme inataka kusimika nguzo moja kwako, pembeni, pale penye mawe ambapo hulimi. Wanataka saini yako tu. Hutalipa chochote. Ni kwa ajili ya mama, Mokdad. Mashine yake."

Mokdad alifuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Amekutuma?"

"Hakunituma. Hajui kama nipo hapa."

"Hata kutuma hakuthubutu." Mokdad alitikisa kichwa. "Sikiliza, shemeji. Wewe sina neno nawe. Wewe ungeniomba figo ningekupa. Lakini mumeo aliniita mwizi. Si kwenye ugomvi, si kwa hasira. Alivaa koti lake la Idi, akaenda mahakamani, akasimama mbele ya hakimu akasema: ndugu yangu ni mwizi. Watoto wangu walikuwa pale. Hakimu amehama, ameshasahau hata sura zetu. Watoto wangu nakula nao kila siku."

"Najua."

"Hujui. Aje mwenyewe. Asimame hapo ulipo, mbele ya hawa." Aliwaonyesha wanawake wa kibarua, ambao sasa walikuwa wameacha kuimba juu ya ngazi zao. "Aseme: Mokdad, niliongopa. Nitasaini kabla hajafunga mdomo."

"Na mama?"

"Mama ana nyumba hapa. Umeme upo. Nani amemfukuza?"

Dhahbia alikohoa kwa nguvu, akainamia ndoo yake.

*

"Uliketi ukamchambulia zeituni zake?" Lazhar alisema. Alikuwa amemwona akirudi, na vidole vyake vilikuwa vimeshasema yote. "Mke wangu? Kibarua kwa Dhahbia?"

"Niliketi. Na kesho nikiambiwa nikae tena nitakaa. Wewe umefanya nini leo?"

"Ningejua nisingekuruhusu."

"Ndiyo maana hukujua." Mongia aliziweka sufuria chini kwa kishindo. "Anataka neno moja, Lazhar. Moja! Karani ananiambia bado, manispaa wananiambia bado, nimepigwa mihuri mpaka nimekuwa barua mwenyewe. Wote hao wanataka makaratasi ambayo sina. Huyu peke yake anataka kitu ambacho tunacho ndani ya nyumba."

"Nikasema niliongopa? Miti ilikuwa yangu. Hakimu alisema."

"Basi mwambie hakimu aje amshikie mama mrija."

Lazhar alimtazama kwa muda mrefu. Alitoka akaenda kukata kuni, na akakata nyingi kuliko walizozihitaji.

Mongia alikwenda mjini peke yake kumwona mkwewe. Alikuta nyumba ya Rebah imejaa kama kawaida: watoto watatu wakifanya kazi za shule juu ya meza moja, nguo zimetundikwa ukumbini, na katikati ya yote Bibi Hnia amekaa kwenye kochi, mdogo kama mtoto, mashine inanguruma miguuni pake.

"Hapa kuna dirisha," Bibi Hnia alisema kwa sauti yake ya kukatika-katika, akimshika Mongia mkono. "Nikitazama naona chupi za jirani. Asubuhi zinaning'inia. Jioni zinaning'inia. Mwanamke huyo hachoki kufua?"

"Mama!" Rebah alisema, lakini alikuwa amechoka mno hata kucheka. Mumewe alikuwa akilala jikoni tangu mama aje, na hakuwahi kulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikomtesa.

"Lini, Mongia?"

Mongia alikuwa ameazimia kusema wiki ijayo. Ndiyo waliyomwambia siku zote: wiki ijayo. Alifungua mdomo, akamtazama mwanamke huyu aliyemfundisha kukanda mkate na ambaye sasa alihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu vidonge, akashindwa. Akamwambia kila kitu. Nguzo, mawe, mizeituni, neno la hakimu, neno analolitaka Mokdad.

Bibi Hnia alisikiliza mpaka mwisho. Mashine ilinguruma.

"Nimezaa punda wawili," alisema. Alivuta pumzi. "Rebah. Nifungie nguo zangu."

"Kwenda wapi, mama? Kule hakuna umeme."

"Kwa Mokdad upo. Si amesema? Nani amenifukuza?"

*

Mume wa Rebah alimpeleka kwa gari, mtungi mdogo mapajani mwa Bibi Hnia, mashine kwenye kiti cha nyuma imefungwa mkanda. Lazhar alikuwa juu ya paa lake akiziba ufa kwa lami. Aliliona gari likipanda barabara ya vumbi na moyo ukamruka. Likafika kwenye njia panda. Likakata kushoto, kwa Mokdad.

Alibaki juu ya paa mpaka gari likaondoka. Kisha akashuka, akaingia katika kile chumba chenye dirisha la bonde, akakaa kwenye kitanda ambacho hakijalaliwa na mtu. Mongia alimsikia akipiga kofi gumu juu ya goti lake, mara moja tu.

Mokdad hakuweza kumkataa mama yake, wala hakutaka. Alimbeba mwenyewe mikononi mpaka ndani. Dhahbia alitandika kitanda akitabasamu kwa meno. Yeye na Bibi Hnia walikuwa wameishi nyumba moja miaka ya mwanzo ya ndoa, na hakukuwa na kuskusi aliyoipika Dhahbia miaka ile ambayo mkwewe hakuitia kasoro.

Watu walianza kuja kumsalimia, maana Bibi Hnia alikuwa amewakanda watoto wachanga wa nusu ya kijiji. Walikuja na sukari, na maziwa, na kuku aliyefungwa miguu.

"Hamdulilahi, umerudi kwenu, mama," walisema.

"Sijarudi," Bibi Hnia alijibu kila mtu, mbele ya Dhahbia aliyeshika sinia la chai. "Niko safarini. Nangoja nguzo."

"Nguzo gani, mama?"

"Muulize mwanangu Mokdad. Yeye ndiye mwenye shamba."

Alisema hivyo kwa omda, mkuu wa kijiji. Alisema hivyo kwa imamu. Alisema hivyo kwa wanawake wa kibarua waliokuja kuchukua ujira wao. Katikati ya wageni alitaka dirisha lifunguliwe, kisha lifungwe. Alitaka redio alfajiri, kwa sauti ya juu, kwa sababu mashine ilimziba masikio. Aliuliza kwa upole kama siku hizi Dhahbia ameacha kutia chumvi kwenye mchuzi au ni ulimi wake yeye ulioharibika kwa ugonjwa. Dhahbia alipika, akafua, akawatengenezea wageni chai, akalala akiwa amevaa aproni.

"Mokdad," alisema asubuhi moja wakiwa zizini, mahali pekee ambapo redio haikusikika. "Nampenda mama yako. Mungu ni shahidi. Lakini ama unaweka saini, ama nakwenda kwa kaka zangu mpaka ngano ivunwe."

"Hajaja kuomba."

"Nani, Lazhar? Kwani hujamwona?"

Mokdad alikuwa amemwona. Kila alasiri Lazhar alikuja mpaka kwenye ua wa mpungate uliotenganisha mashamba, akasimama upande wake, akitazama dirisha la chumba alimolala mama. Hakuita wala hakuvuka. Bibi Hnia, akiwa kitandani, alimwona vizuri, na hakumwambia mtu yeyote aende akamwite. Akiwa peke yake alilia kidogo, kisha akafuta mrija kwa shuka.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Lazhar alikuja vilevile, amejifunika gunia kichwani. Maji yalimtiririka mabegani. Mokdad alimtazama kupitia mlangoni, akala, akamtazama tena, akatupa mkate mezani na kutoka.

"Ingia!" alipiga kelele kupitia mvua. "Utanifia hapo kisha waseme nimekuua!"

Lazhar aliingia. Alisimama katikati ya chumba cha mama yake akidondosha maji juu ya zulia la Dhahbia, naye Dhahbia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakusema kitu kuhusu zulia.

"Kaa," Bibi Hnia alisema.

Hakukaa. Aliubusu mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake. Mokdad alikuwa kizingitini, amekunja mikono.

"Miti ile ilikuwa yangu," Lazhar alisema, akiutazama ukuta.

"Ameanza," Mokdad alisema. "Mama, umemsikia? Ameanza."

"Ngoja nimalize!" Lazhar aliuacha ukuta, akamgeukia. "Ilikuwa yangu. Mpaka kesho nitasema ilikuwa yangu. Lakini wewe hukuiba. Ulivuna ukidhani ni yako, kama baba alivyokuwa akivuna. Nilijua hivyo wakati ule ule. Neno lile nililisema kwa sababu wakili aliniambia hakimu huwa analisikiliza. Halikuwa neno la kusemwa."

Mvua ilipiga bati la zizi. Mokdad alikuwa amegeuza uso.

"Rudia kwamba sikuiba," alisema.

"Sirudii."

"Mahakamani neno mwizi ulilisema mara tatu."

"Mokdad," Bibi Hnia alisema. "Yametosha. Mpe nduguyo taulo."

*

Kama ingekuwa saini tu, ingekwisha siku hiyo. Lakini saini ilitakiwa itiwe mbele ya mtu wa manispaa, na ndugu wawili walipofika, kwa magari mawili tofauti, mtu wa mihuri alikuwa likizo. Walikwenda tena siku nyingine. Alikuwa amerudi kazini lakini wino umekauka. Walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake, wakingoja wino kutoka ofisi ya jirani, na pale, bila kupanga, wakajikuta wanaitukana manispaa kwa pamoja, Lazhar akianza tusi na Mokdad akilimalizia. Mtu wa mihuri aliwaonya wote wawili kwa kidole.

Karani mwenye mafua aliipokea idhini, akaisoma yote. Wote watatu, pamoja na Mongia, waliegemea kioo.

"Sawa," alisema.

"Sawa?" Mongia hakuamini.

"Sawa. Subirini mtapigiwa simu."

Hawakupigiwa. Mongia alikwenda tena, na tena; alijua sasa jina la mama yake karani na ugonjwa wa paka wake. Nguzo ilikuja kipupwe kikielekea mwisho, juu ya lori, na mafundi wakachimba shimo mahali pasipo pake. Mokdad, ambaye hapo mwanzo hakutaka hata kusikia neno nguzo, alisimama juu ya mawe akiwafokea kwamba idhini yake ni ya hapa, si ya pale kwenye mlozi wake, na Lazhar akamuunga mkono, na shimo likafukiwa likachimbwa jingine. Kisha waya. Kisha mita ikakosekana. Kisha mita ikaja bila kisanduku chake, na fundi akatazama juu mbinguni mpaka Mongia alipomfungia kuku wa kuondoka naye.

Katika siku zote hizo Bibi Hnia alikaa kwa Mokdad. Alizidi kupungua. Redio hakuitaka tena, na Dhahbia, aliyekuwa ameiapia redio hiyo mabaya yote, ndiye aliyekuwa akiiwasha mwenyewe alfajiri na kuuliza, "Mama, hii hapa ni sauti ya kutosha?"

Umeme ulipounganishwa ilikuwa mchana, jua kali la baada ya mvua. Fundi alinyanyua swichi kubwa ukutani, akakusanya vyombo vyake, akaondoka bila kuaga. Mongia alibaki peke yake ndani ya nyumba. Alisikia friji ikianza kutetemeka, akakimbilia kuitoa kuskusi. Kisha akapita chumba hadi chumba akibonyeza kila swichi, na kila taa ikawaka, hafifu, maana jua lilikuwa limejaa madirishani.

Kutoka dirisha la bonde aliwaona wakija. Mashine ilibebwa na ndugu wawili, mmoja kila upande, wakibishana.

"Inua upande wako!"

"Nimeinua. Wewe ndiye unayekimbia."

"Ungekubali ipite kwenye njia ya chini tusingevuka mawe haya."

"Njia ya chini ni ya nani? Sema, ni ya nani?"

Nyuma yao Dhahbia alikuja ameukumbatia mtungi mdogo, na mkono wake wa pili umemzunguka Bibi Hnia kiunoni. Bibi Hnia alitembea. Alikuwa amekataa kubebwa. Hatua chache, akasimama. Hatua chache, akasimama. Wanawe walisimama kila aliposimama, wakaacha kubishana, wakaanza tena alipoanza.

Walimlaza kwenye kitanda chake. Mongia alichomeka mashine ukutani, akashika plagi kwa kiganja kizima kana kwamba ingeweza kumtoroka. Mashine ilikohoa, ikanguruma. Dhahbia aliuhamisha mrija kutoka mtungini. Kifua cha mwanamke mzee kilipanda, kikashuka, kikapanda, na polepole rangi ikarudi midomoni mwake.

Alifumbua macho. Alitazama bonde dirishani, ngano changa ya kijani mpaka chini. Kisha akatazama juu, kwenye dari.

"Mongia," alisema. "Zima hiyo taa. Ni mchana. Nani atalipa?"

Lazhar alinyoosha mkono kuelekea swichi. Mongia alimshika kifundo cha mkono kumzuia, kwa vidole ambavyo bado vilikuwa na vumbi la kuskusi.

"Iache," alisema. "Nitalipa mimi. Iache iwake."